Sebule Isiyo na Hodi

Nyumba hujulikana kwa sebule yake. Vyumba vya ndani ni siri ya wenyewe, jiko ni la wapishi, na ghala ni la akiba. Lakini sebule hujengwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika. Mwenye nyumba huipamba kwa vitu vyake bora, akatandika zulia lake zuri, akaweka viti vingi kuliko idadi ya watu wake, kwa sababu anatumaini kuwa siku moja hodi itapigwa mlangoni, naye ataitikia. Basi tutasemaje juu ya sebule iliyo nzuri kupita zote, ambayo mwenyewe ameapa kwamba mgeni hatakaribishwa ndani yake, na aliyeingia kwa bahati hatatoka tena? Je, hiyo bado ni sebule, au ni kitu kingine kilichovaa nguo za sebule? Swali hili ndilo nitakalolifikiri katika insha hii.

Sebule ninayoisema haikupata kuwako duniani. Ilibuniwa na Jules Verne, mwandishi wa Ufaransa, katika hadithi yake ya safari ya ligi elfu ishirini chini ya bahari, iliyotoka kwa sehemu sehemu katika jarida moja la Paris tangu mwaka 1869 hata 1870. Profesa Pierre Aronnax, mwanachuoni wa elimu ya viumbe, pamoja na mtumishi wake Conseil na mpiga chusa mmoja wa Quebec aitwaye Ned Land, waliingia baharini kutoka katika manowari ya Marekani iliyokuwa ikiwinda mnyama wa ajabu. Katika giza la usiku wakajikuta wamekaa juu ya mgongo wa mnyama yule yule. Na kumbe mgongo ulikuwa wa chuma. Hakuwa mnyama. Ilikuwa nyambizi yenye urefu wa mita 70, jina lake Nautilus. Kulipopambazuka, na nyambizi ilipoanza kuzama, Ned Land alikipiga kile chuma kwa kisigino chake na kupaza sauti ili wafunguliwe. Hiyo ilikuwa hodi. Kifuniko kilifunguka, lakini haikutoka sauti ya kusema karibu. Walitoka watu wanane waliofunika nyuso zao, wakawaburura wageni ndani bila ya neno.

Mkuu wa chombo hicho alijiita Nahodha Nemo. Nemo ni neno la Kilatini, na maana yake ni "hapana mtu." Siku ya pili Hapana Mtu alimtembeza Profesa katika makao yake, akamwonyesha chumba chenye urefu wa mita kumi, upana wa mita sita na kimo cha mita tano. Nuru ya umeme ilishuka kutoka darini, laini kama ya mapambazuko, miaka kumi kabla Edison hajaonyesha taa yake. Kutani zilitundikwa picha thelathini hivi za mabingwa wa Ulaya, na miongoni mwao Leonardo, Raphael na Titian. Chemchemi ilibubujika ndani ya kombe moja kubwa mno, na makabati ya vioo yaliyoizunguka yalijaa makombe, matumbawe na lulu za kila rangi. Kilikuwapo kinanda kikubwa kilichochukua upande mzima wa chumba, na juu yake nyimbo za Mozart, Beethoven na Rossini. Chumba cha pili yake kilikuwa maktaba yenye vitabu 12,000. Kisha taa zilizimwa, vifuniko vya chuma vikasogezwa kando, na kuta mbili za sebule zikawa vioo. Bahari yote ikawaka kwa nuru, na samaki wakapita mbele ya macho ya Profesa kama wageni waheshimiwa katika sherehe.

Neema hii ilikuwa na sharti. Nemo aliwaambia mateka wake kwamba ndani ya chombo watakuwa huru kwenda, kuona na kusoma. Ila baadhi ya nyakati huenda akawafungia vyumbani mwao, nao wasiulize sababu. Na kutoka, hawatatoka milele. Profesa alijibu kwa haki kwamba uhuru wa namna hiyo ni uhuru alio nao kila mfungwa, wa kutembea ndani ya gereza lake. Jibu hili lilikuwa kweli siku lilipotolewa. Jambo la kusikitisha ni kwamba aliyelitoa alilisahau upesi.

Nakiri kuwa nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi, na sikumwonea Profesa huruma. Nilimwonea wivu. Chakula kililetwa kwa saa yake, taa haikuzimika, vitabu havikuwa na tarehe ya kurudishwa, na nje ya dirisha kulikuwa na elimu ambayo hapana chuo kilichoweza kuifundisha. Nilimwona Ned Land kuwa mtu mzito wa akili. Yeye alilalamikia nyama na mkate, hakujali picha wala makombe, na kila alipokuja kwa Profesa alikuwa na neno moja tu: tutatoka lini? Miaka imepita, nami nimegeuza hukumu yangu. Naona sasa kwamba katika watu watatu walioshikwa, yule asiyesoma kitabu ndiye aliyeisoma sebule ile sawasawa. Wenzake walitazama madirisha. Yeye alitafuta mlango.

Tuulize kwa nini Profesa, mtu mwenye akili njema na moyo mwema, alisahau mlango. Sababu moja ni ndogo, na nadhani kila mwandishi ataielewa. Katika rafu za maktaba ile alikikuta kitabu chake mwenyewe, alichokitunga juu ya siri za vilindi vya bahari. Mwenyeji wake alikwisha kukisoma, akakisifu, kisha akasema kwamba mtungaji hakujua yote, na kwamba sasa atayaona yaliyobaki. Maneno haya yalikuwa pingu yenye nguvu kuliko chuma. Mwanachuoni huweza kumkatalia mtu anayemtisha. Ni vigumu kumkatalia mtu aliyesoma kitabu chake mpaka mwisho. Tangu siku ile Profesa alikuwa na sababu nzuri ya kukaa, na sababu nzuri ni hatari kuliko sababu mbaya, kwa maana haitushtaki usiku.

Mtu atasema: kosa liko wapi? Elimu ni kitu bora, naye aliipata. Utulivu ni kitu bora, naye alikuwa nao. Kama mtu amepewa kila kitu kinachotafutwa na wenye hekima, je, ni haki kumlaumu kwa kuwa hakuweza kwenda sokoni? Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini tuvitazame vile vitu vyenyewe vilivyokuwamo sebuleni, maana kila kimoja kinatoa ushahidi.

Picha zilichorwa na watu ili zitazamwe na watu. Nyimbo zilitungwa na watu ili zisikiwe na watu. Vitabu 12,000 vilikuwa sauti 12,000 za wanadamu wanaozungumza na wanadamu. Hapakuwamo hata pambo moja la mkono wa binadamu lililotengenezwa ili limilikiwe na Hapana Mtu. Nemo alijitenga na jamii ya wanadamu, lakini alijitenga akiwa amebeba mizigo yao. Tena alimweleza Profesa kwamba dunia ilikoma kwake siku ile nyambizi ilipozama kwa mara ya kwanza. Siku hiyo alinunua vitabu vyake vya mwisho na magazeti yake ya mwisho, na tangu hapo hupenda kuamini kuwa wanadamu hawakufikiri wala kuandika tena. Maktaba ya namna hii hukusanya waliosema na kuwafungia mlango wanaosema. Nemo mwenyewe hakulificha jambo hili. Alipoulizwa juu ya watunzi wa nyimbo zake, alijibu kwamba kwake wote ni wa zama moja kwa kuwa wote ni maiti, na kwamba yeye pia amekufa kama waliolala kaburini. Tukimsadiki, basi chumba kile hakikuwa sebule. Kilikuwa kaburi la mfalme, lililojazwa dhahabu na vyombo vya safari, na Profesa alikuwa miongoni mwa vitu vilivyozikwa pamoja naye.

Ushahidi wa pili uko nje ya sebule, hatua chache tu. Profesa alipotembezwa chomboni alipita mbele ya chumba cha mabaharia. Urefu wake ulikuwa mita tano, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Mwanachuoni aliyepima kila kitu aliandika kipimo hiki kama vingine, akaendelea na safari yake. Mita kumi kwa mtu mmoja na picha zake. Mita tano kwa wote waliokiendesha chombo. Watu hawa walizungumza lugha ambayo wageni hawakuielewa, na majina yao hatuyajui. Baadaye tunawaona wanne wao wakiingia katika sebule ile kubwa. Lakini waliingia kubeba kasha, hawakuingia kuketi. Nemo aliwapenda. Mmoja wao alipokufa, alimlilia, akamzika kwa heshima katika makaburi ya matumbawe chini ya bahari. Hata hivyo msomaji ana haki ya kuuliza kama mtu aliyekimbia jeuri ya nchi kavu hakuijenga tena, bila ya kukusudia, katika mpango wa vyumba vyake.

Ushahidi wa tatu ni madirisha, na huu ndio mzito kuliko yote. Dirisha lile lilikuwa na sifa moja: lilionyesha kila kitu wala halikupitisha chochote. Mapema mwaka 1868 Nautilus ilipita katika bahari ya Omani, ikaibuka kitambo kidogo mbele ya Maskati. Profesa aliuona mji katikati ya majabali meusi, nyumba zake nyeupe na ngome zake, mapaa ya mviringo ya misikiti na minara yake. Kisha chombo kikazama, na mji ukatoweka kama ndoto. Msomaji wa pwani yetu hawezi kupita hapa bila ya kusimama. Maskati ile ilikuwa na watu, na watu wale walikuwa na jamaa zao Unguja, ambako ukoo ule ule ulikuwa ukitawala, japokuwa falme mbili zilikwisha kutenganishwa mwaka 1861. Watu walikuwa wakiamkiana, wakiulizana habari za majahazi na za pepo. Hakuna aliyewaambia wasafiri wale "Habari za safari?" wala wao hawakumwambia mtu yeyote "Njema." Waliona mji, wala hawakufika. Kwa mtazamaji wa samaki, kioo kinatosha. Kwa mtazamaji wa watu, kioo ni umaskini.

Tena kioo hakibaki bila hatia. Mwisho wa safari Nemo aliipiga manowari ya taifa lisilotajwa, akaitoboa kwa ncha ya chuma ya chombo chake. Profesa alikimbilia sebuleni. Dirisha lilikuwa wazi, na Nemo amesimama mbele yake kimya. Mahali pale pale palipopita samaki wa rangi zote, sasa ilipita meli inayozama, na watu wanaparamia kamba za milingoti, wakijipinda ndani ya maji. Profesa alitazama. Hakuwa na la kufanya ila kutazama. Na huu ndio ukomo wa maisha ya sebule ile. Miezi kadhaa alijifunza kutazama bila ya kugusa, akaona kwamba hiyo ndiyo elimu. Ilipofika siku ambayo kutazama bila ya kugusa ni uchungu usiovumilika, alikuwa hana chombo kingine cha moyo alichokizoea. Starehe haikumfanya mwovu. Ilimfanya shahidi aliyefungwa mikono.

Lakini haitakuwa haki kumhukumu Nemo bila ya kusikiliza dai lake. Alisema kwamba yeye ni mwonewa, na mwonezi ni yule pale. Kwamba kwa mkono wake alipoteza nchi, mke, watoto, baba na mama. Baada ya manowari kuzama alikwenda chumbani kwake, akapiga magoti mbele ya picha ya mwanamke kijana na watoto wawili, akalia. Katika kitabu kingine cha Verne, cha kisiwa cha siri, kilichotoka kati ya mwaka 1874 na 1875, tunaambiwa kwamba Nemo alikuwa Dakkar, mwana wa mfalme katika Bara Hindi, aliyepigana katika maasi ya mwaka 1857 dhidi ya utawala wa Waingereza, akashindwa. Sisi tuliozaliwa katika nchi zilizotawaliwa hatuwezi kulisikia dai hili kwa sikio la mgeni. Basi je, mtu aliyedhulumiwa kiasi hicho hana haki ya kuupa ulimwengu kisogo?

Nadhani ana haki ya kumpa kisogo aliyemdhulumu. Lakini wanadamu si mtu mmoja. Na anayewakataa wote kwa kosa la baadhi yao huwakataa pia wadhulumiwa wenzake. Ushahidi wa jambo hili simwombi mtu mwingine. Namwomba Nemo mwenyewe. Karibu na Ceylon alimwona mzamia lulu maskini akishambuliwa na papa, akamkabili papa kwa kisu, naye angekufa kama Ned Land hangepiga chusa chake. Kisha alimpa yule maskini mfuko wa lulu, akamweleza Profesa kwamba mtu huyo ni wa nchi iliyoonewa, naye atakuwa wa nchi hiyo mpaka pumzi ya mwisho. Na karibu na Krete, iliyokuwa katika maasi dhidi ya Waturuki tangu 1866 hata 1869, sura ya mwanadamu ilitokea nje ya kioo cha sebule. Alikuwa mzamiaji. Alisogea mpaka karibu na kioo. Nemo akamwashiria, naye akajibu kwa mkono, akapanda juu. Usiku huo kasha la dhahabu, yapata kilo 1,000, lilitolewa sebuleni na kupelekwa kwa wenye kuihitaji. Hiyo ilikuwa hodi ya pili ya hadithi hii, na mwenye nyumba aliijibu. Kiapo chake kilisema hapana mtu; moyo wake ulisema kuna mtu mlangoni.

Huenda mtu akatoa mfano wa mawalii na wacha Mungu waliojitenga mapangoni na jangwani, akasema kwamba kujitenga si dhambi. Ni kweli. Ila mcha Mungu huchukua kidogo, wala mlango wake haufungwi. Watu humwendea kumwuliza neno, nao huondoka. Yeye ameacha vitu ili awapate watu kwa njia nyingine. Nemo aliacha watu, akachukua vitu. Tofauti yao haiko katika umbali waliojitenga. Iko katika kile walichobeba na mlango waliouacha.

Hata elimu yenyewe ya chini ya bahari ilidai mlango. Nemo alikuwa ameandika kwa lugha nyingi habari za maisha yake na uchunguzi wake, akakusudia maandiko hayo yatiwe katika chombo kisichoingia maji, na mtu wa mwisho atakayebaki hai ayatupe baharini, yachukuliwe na mawimbi popote. Profesa alimsihi: tupe sisi, utuache huru, nasi tutayafikisha. Nemo akakataa kwa ukali. Fikiri jambo hili, msomaji. Mtu aliyesema amekufa alitaka kusikiwa. Alitaka kupiga hodi katika mlango wa wanadamu, lakini wakati ambapo hatakuwapo kuitikia karibu yao. Kwa upande wa Profesa, yote aliyoyaona yangebaki ndoto ya mtu mmoja kama hangetoka. Yaligeuka elimu siku alipoyasimulia. Kujua peke yako ni nusu ya kujua.

Alitoka namna gani? Katika mwezi wa Juni 1868, usiku, Profesa ilimpasa kupita katika sebule ile ili afike kwenye mashua. Taa zilikuwa zimezimwa. Nemo alikuwa gizani anapiga kinanda. Mgeni alinyata juu ya zulia, hatua kwa hatua, asisikiwe. Na kabla hajatoka alimsikia mwenyeji wake akimwomba Mungu kwa kilio, kwamba imetosha. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwake. Walikuwa watu wawili wenye elimu nyingi, wamekula meza moja miezi mingi, na katika saa ya kuachana mmoja analia na mwingine ananyata. Aliyeingia bila ya karibu alitoka bila ya kwaheri. Chumba chenye picha thelathini hakikuwa na nafasi ya neno moja hilo.

Wenzangu wa vyuoni, nasi tuna sebule zetu. Hazina lulu wala chemchemi, lakini zina nuru, vitabu na madirisha yanayotazama maisha ya watu wengine. Sisemi tuzivunje. Namwona Profesa kuwa ndugu yetu, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Nasema tu kwamba chumba cha elimu kipimwe kwa mlango wake kabla ya rafu zake: nani huweza kupiga hodi, nani huketi, nani huingia kubeba tu, na kama aliyemo akitaka kutoka aweza kutoka kwa amani.

Katika kitabu cha pili tunamkuta Nemo mzee, peke yake, wenzake wote wamekufa, nyambizi imekwama katika pango la kisiwa. Safari hii yeye mwenyewe aliwaita watu. Waliingia katika sebule ile ile, wakamkuta amelala juu ya kochi. Akawasimulia maisha yake yote, kisha akawauliza wanamhukumuje. Kwa miaka mingi alikuwa na vitabu 12,000, wala hapana kimoja kilichoweza kumjibu swali hilo. Lilihitaji uso wa mtu. Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, na usiku uliofuata mwenyeji akafa katikati yao. Wakaifunga milango ya sebule, wakaizamisha nyambizi pamoja naye kama alivyoagiza. Picha na kinanda vilikwenda chini. Maneno aliyowaambia yalibaki juu.